Bi Ashatu, Aliyesimulia Jua Likiwa Juu

Zamani kwetu Bagamoyo hadithi haikusimuliwa jua likiwa juu, na siku hizi simu na televisheni zinasimulia tangu alfajiri mpaka alfajiri bila mtu hata mmoja kuuliza nani wa nyumba hii yuko safarini.

Ninalisema hilo kwa sababu nilimjua mwanamke aliyeuvunja mwiko huo, na mimi ndiye niliyemwomba auvunje. Aliitwa Ashatu binti Haji. Alizaliwa mji mkongwe, akaolewa na Ausi, fundi wa kuchonga milango, akamzalia watoto wanne, akabakiwa na mmoja tu, Mtoro. Ausi alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Tangu hapo Bi Ashatu alikula kwa ukili. Alisuka asubuhi, alisuka jioni, akashona mikeka na misala, na wanunuzi waliifuata mpaka mlangoni kwake kwa sababu mshono wake haukufumuka.

Lakini mji haukumjua kwa mikeka. Baada ya sala ya isha watu walikuja barazani kwake, wakubwa kwa wadogo, wakakaa popote palipobaki, naye akaanza kwa maneno yaliyokuwa yake peke yake. Alisema, "Nakuja na uongo wangu." Watu wakajibu, "Mpe kiti akae." Akasema, "Hali wala hanywi, anataka masikio." Wakajibu, "Haya hapa." Hapo ndipo alipoingia ndani ya hadithi.

Mikono yake haikuacha kusuka. Alikuwa fisi, alikuwa kadhi, alikuwa mwali anayelia, na vidole vinakwenda tu kama si vyake. Vidole vikisimama, ujue pameharibika. Nimeona wanaume wazima wakimshika jirani mkono kwa sababu tu vidole vya Bi Ashatu vimesimama.

Na kila hadithi yake ilikuwa na mtu wake. Aliwatazama waliokaa, akajua nani kampiga mkewe, nani kala mali ya yatima, nani hasemi na ndugu yake, akaikata hadithi kwa kipimo cha mtu huyo kama fundi anavyokata kanzu. Hakumtaja na hakumtazama. Mwenye kanzu aliijua mwenyewe, akaondoka nayo, na mara nyingi kesho yake jambo lilikuwa limetengenezwa. Mimi nami nilishonewa moja. Ilikuwa ya kunguru aliyeokota miwani jalalani akajiona kadhi. Nilicheka sana barazani. Nilipofika nyumbani ndipo nikaacha kucheka.

Siku hizi wako wanaoitwa wasanii wa ngano. Wanafika na gari, wanafunga spika, wanasimulia mbele ya wageni waliolipa kiingilio, na hadithi ni ile ile leo na kesho, haijui nani amekaa mbele yake. Wakimaliza wanapigiwa makofi. Bi Ashatu hakupigiwa makofi maisha yake yote. Mmoja aliinuka tu, akasema, "Haya, tukalale."

Mimi nilisoma madarasa manne. Yaliyobaki nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari na chumvi dukani, nikiyanyoosha kwa pasi ya mkaa. Ndiyo maana Bi Ashatu hakuniita Rajabu, aliniita Magazeti. Mwanawe Mtoro alikuwa rika langu na rafiki yangu. Mwisho wa mwaka 1970 alikwenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa reli, kule Mlimba. Barua zake zilikuja kila mwezi au miezi miwili, nami nilimsomea mama yake. Alitaka nisome mara mbili. Mara ya kwanza alisikiliza habari; mara ya pili alifumba macho akasikiliza sauti ya mwanawe, na nikikosea mahali pa kupumua alinirekebisha. "Mtoro hapumziki hapo," alisema. "Rudia."

Mwaka 1973 nilijitolea kufundisha darasa la watu wazima katika ghala la zamani la mbata. Ilikuwa ile miezi ya kampeni ya afya. Tulipewa redio moja na vijitabu: watu wakusanyike, wasikilize, wajadili, kisha wakafanye. Chimbeni vyoo, chemsheni maji, fyekeni majani. Katika daftari langu nilikuwa na majina arubaini na matatu. Waliokuja hawakuzidi saba, na wawili kati yao walikuja kusinzia kwa sababu ghala lilikuwa na upepo. Darasa lilikuwa saa kumi ya alasiri, kwa kuwa kandili hatukuwa nayo, na wanawake hawakuweza kutoka kabla vyombo vya mchana havijaoshwa.

Nikaenda kwa Bi Ashatu. Alikuwa amekaa uani, miguu kanyoosha, ukili mapajani.

"Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba, Magazeti. Leo umeandikwa nini?"

Nikamweleza shida yangu. Nikamwambia watu hawaji kwa ajili ya redio, ila wakisikia Bi Ashatu atasimulia watajaa mpaka nje. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa kwa upole. Akasema yeye ana mtu safarini. Kwao, mtu akiwa na wake safarini, hasimulii mchana, kwani hadithi ya mchana hufunga njia, na aliyeko njiani hairudii tena. Nikamjibu kwa ujuaji wangu wa miaka ishirini na sita. Nikasema hayo wazee waliwatungia watoto ili wasiache kazi kusikiliza hadithi.

"Huenda," alisema. "Lakini aliyeniambia mimi hakuwa akimwambia mtoto."

Sikurudia. Nilirudi ghalani kwa watu wangu saba.

Majuma mawili baadaye alifariki mtoto wa Dija. Dija alikuwa jirani wa Bi Ashatu, ukuta kwa ukuta, na huyo alikuwa mtoto wake wa tatu kufa kwa kuhara. Jumapili alikuwa anatambaa akivuta ukili wa Bi Ashatu, Jumanne jioni tukamzika. Bi Ashatu ndiye aliyemwosha. Siku ya tatu, baada ya kuvunja matanga, alikuja mlangoni kwetu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mazishi ya baba yangu. Hakuingia.

"Darasa lako saa ngapi?"

"Saa kumi, mama."

"Nitakuja."

Ningenyamaza, lakini nikamuuliza, na Mtoro je? Alitazama chini, akaifunga kanga yake upya.

"Wa kwangu ni mkubwa, anajua kuuliza njia," alisema. "Hawa wadogo hawajui."

Alhamisi iliyofuata ghala lilijaa. Watu walisimama madirishani. Sasa ili mjue kwa nini hadithi ya siku ile ilikumbukwa miaka mingi, niwaambie kilichokuwa kinazuia vyoo. Haikuwa uvivu. Nyumba nyingi baba mkwe na mke wa mwanawe walikaa pamoja, na kwa adabu za pwani mtu na mkwe wake hawaingii choo kimoja. Mkwe akuone unatoka pale, naye aingie pale? Heri kufa. Kwa hiyo nyumba ziliacha kuchimba kabisa, na kila mtu, kwa heshima kubwa, alikwenda vichakani au ufukweni.

Bi Ashatu akakaa kwenye gunia, akaanza kusuka, akasema anakuja na uongo wake. Watu walilitazama kwanza jua lililoingia mlangoni. Kisha wakamjibu.

Ilikuwa habari ya Fisi, mtu mwenye heshima kuliko wote mwituni. Fisi hakutaka kuchimba choo, akasema hawezi kumvunjia mkwewe heshima. Alfajiri moja akaenda kichakani, akatafuta mahali pazuri, akachuchumaa. Alipotulia akasikia majani yanachakacha upande wa pili wa kichaka kile kile. Akachungulia. Ni mkwewe, kachuchumaa. Wametazamana. Kukimbia hawezi mmoja wala mwingine, mambo yamekwisha anza. Na mkwe ni mkubwa, hapitwi bila kuamkiwa. Bi Ashatu akavisimamisha vidole. Ghala zima halikupumua. Kisha kwa sauti nyembamba ya Fisi, ya adabu tupu, akasema, "Shikamoo, mkwe." Na kwa sauti nzito ya kutoka kifuani akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Sijasikia tena kicheko kama kile. Dija, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu msiba, alijifunika uso kwa kanga na mabega yake yakatikisika, na sikujua anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa akipinga vyoo kuliko wote, aliinuka akatoka bila kuaga. Tukasema kakasirika. Asubuhi tukasikia jembe. Alikuwa anachimba mashimo mawili, moja mashariki ya nyumba na jingine magharibi. Kabla mwezi haujaisha mtaa mzima ulikuwa na mashimo mawili mawili, na bwana afya alipokuja kukagua alishangaa, akaandika kwamba watu wa mtaa huu wana bidii kupita kiasi. Hakuna aliyemweleza.

Akaendelea kuja kila Jumatatu na Alhamisi. Alisimulia habari ya maji yasiyochemshwa, habari ya mbu, habari ya nzi aliyekuwa mshenga. Darasa langu likafika watu sitini, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuja, niliwashika nikawafundisha na herufi. Yeye mwenyewe alikataa kujifunza. "Nikijua kusoma," alisema, "wewe utakuja kwangu kufanya nini?"

Barua ya mwisho ya Mtoro, isiyo na tarehe wala mahali ilipoandikwa, ilifika siku chache kabla ya hadithi ya Fisi. Ukapita mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikapita Ramadhani, ikapita Idi. Nikaandika barua mimi, nikaweka jina lake lote, Mtoro Ausi, na kambi yake. Ikarudi baada ya wiki sita imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba mtu huyo hajulikani. Nikaandika ya pili kwa msimamizi wa kazi. Akajibu kwa heshima kwamba Mtoro Ausi aliacha kazi mwenyewe mapema mwaka ule na hakusema anakokwenda. Ya tatu niliipeleka posta ya Ifakara, kwa kubahatisha tu. Nayo ikarudi.

Watu wanajua kuhesabu wakitaka. Walihesabu wakasema njia imefungwa. Wale wale waliokunywa maji ya kuchemsha kwa ajili ya hadithi zake, wale wale ambao watoto wao hawakuzikwa mwaka ule, walianza kumwogopa. Harusini hakualikwa tena. Wanawake wenye waume safarini walipita upande wa pili wa njia akiwa amekaa kibarazani, hata kama hajafungua mdomo. Siku moja sokoni muuza samaki mmoja alimwambia mbele ya watu, huku akicheka, "Bi Ashatu, nitakuja kukusikiliza, lakini ngoja kwanza mume wangu arudi kutoka Pemba." Bi Ashatu naye alicheka. Akasema, "Akirudi mwambie aoge kabla hujamkumbatia, Pemba kuna wanawake." Watu wakaangua kicheko, ikapita. Lakini nilikuwa nyuma yake, nikaona ameondoka akawaacha samaki aliokuwa amewalipia.

Akaacha kusimulia, mchana na usiku. Darasa likarudi kuwa la watu ishirini. Mimi nilikuwa naona haya kumtazama. Nilikwenda kwake siku moja, nikaanza kusema huku nalia kwamba kosa ni langu. Akaniambia niache kulia kama mwali, nimpe lile fungu la miyaa ya kusukia.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1974, aliniita akaniambia amefikiri. Alisema mtoto hanyamazi kwa kusahau mama yake. Mtoto hunyamaza kwa aibu. Mtoro amefanya jambo. Jambo gani hajui, na hataki kujua kabla ya wakati wake. Lakini kama yuko mahali amekaa na aibu yake, barua haitamfika, kwa sababu barua lazima ijue jina la mtu na mahali alipo. Hadithi haihitaji hayo. Hupita mdomo kwa mdomo mpaka imkute mwenyewe.

"Na ule mwiko?" nikauliza.

"Mlango ukishafungwa, Magazeti, kuubisha hakuufungi zaidi."

Akaenda kusimulia stendi. Mchana kweupe, jua la saa sita, akitandika jamvi kando ya mabasi. Watu wa mji wakasema kachanganyikiwa. Hakukaa hapo zaidi ya mwezi, kwa sababu aligundua kwamba abiria wetu karibu wote wanakwenda Dar kuuza samaki na kurudi, na hadithi ilikuwa inarudi nao jioni ile ile. Alikuwa na binamu yake, Mwinyimvua, aliyehamishiwa kijiji kipya cha Ubena, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na bara yote. Akafunga mikeka yake, akaifunga nyumba, akaenda Ubena. Mji huu ulimwacha aondoke. Hakuna aliyemsindikiza ila mimi na Dija.

Nilimtembelea mara tatu. Mabasi ya bara na malori yalisimama pale kutia maji, kuziba pancha, abiria wakanunua mahindi ya kuchoma na machungwa. Bi Ashatu alikaa kwenye kivuli cha kibanda cha muuza machungwa, akisuka. Gari likisimama na watu wakishuka kujinyoosha, aliwatupia tu, "Nakuja na uongo wangu," na wachuuzi wa pale, waliokuwa wamekwisha kulijua jibu, walimwitikia kwa nguvu. Abiria walisogea. Nimemwona dereva mmoja wa lori, mtu mkubwa mwenye kovu, akipiga kelele kwa utingo wake aache kupiga honi ya kuita watu kwa sababu hadithi haijaisha.

Hadithi ilikuwa moja. Ngiri mdogo alitumwa maji, akavunja mtungi wa mama yake, akaogopa, akajificha porini. Alikaa mpaka nyasi zikaota kwenye nyayo zake, mpaka akasahau alikuwa anaogopa nini, ila kuogopa kwenyewe hakukusahau. Mama akapita kila kisima akiimba:

*Mtungi ni udongo, na udongo upo bondeni,*
*aliyeuvunja na aje, maji nateka kwa kata.*

Na hapo alikata. Watu wakauliza, akarudi au hakurudi? Akawajibu, sijui bado, huko mwendako mkimsikia mniambie. Basi likaondoka na wimbo ndani yake.

Mwezi wa sita mwaka ule basi moja liliziba pancha Ubena kwa muda mrefu. Ndani yake alikuwamo mwalimu mmoja, Gertruda, aliyefundisha shule ya msingi karibu na misheni kule Ifakara, akirudi kutoka kuwaona wazazi wake. Aliisikiliza hadithi mara mbili, akaiandika nyuma ya kitabu. Shule ilipofungua akawafundisha watoto wa darasa la tatu, nao wakauimba wimbo asubuhi, wakauimba kwenye bustani, wakauimba njiani.

Yaliyofuata nayaeleza kama Gertruda mwenyewe alivyotueleza mwezi wa kumi na mbili, alipopita tena Ubena na kushuka na mzigo wake. Kulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa anatengeneza madawati ya shule, mtu mkimya, Tobia. Siku moja watoto wanaimba, randa ikanyamaza. Gertruda akatazama nje, akamwona fundi kaketi juu ya mbao, mikono kichwani. Alimwendea akidhani anaumwa. Fundi akamuuliza wimbo huo kautoa wapi. Akamwambia, kwa mama mmoja Ubena, anayesuka ukili.

"Mtungi ule niliuvunja mimi," fundi akamwambia. "Nilikuwa na miaka saba. Nilijificha chini ya kitanda cha baba mpaka magharibi."

Alikuwa Mtoro. Aliacha kazi ya reli akaenda Ifakara kwa ajili ya msichana aitwaye Evarista. Wazazi wa msichana hawakukubali mpaka abatizwe, akabatizwa, akaoa siku za Pasaka, akapewa jina la Tobia. Yeye ni mtoto wa mji mkongwe, babu yake aliadhini miaka thelathini. Hakujua atamwandikia nini mama yake, na atasaini jina gani. Kila mwezi uliopita uliifanya barua kuwa nzito zaidi. Na mimi, msomi wa magazeti, nilikuwa nimepeleka barua ya Mtoro Ausi kwenye mji ambao hakuna mtu wa jina hilo.

Bi Ashatu alinitumia salamu niende Ubena haraka. Nilimkuta uani kwa Mwinyimvua, Gertruda ameketi pembeni kwenye kigoda, na barua aliyoileta, bado haijafunguliwa, mkononi mwa Bi Ashatu. Hakutaka Gertruda aisome. Alitaka niisome mimi.

Ilikuwa ya mistari michache. Alisema yuko hai na ni mzima. Alisema amebatizwa na ana mke na mtoto wa kike wa miezi mitano. Alisema hana uso wa kuja Bagamoyo, na haombi kusamehewa, anaomba tu mama ajue kwamba wimbo umefika. Nilipomaliza, nikaanza tena bila kuambiwa. Alifumba macho. Hakunirekebisha mahali popote.

Mwinyimvua alikuwa mtu wa dini na hakuwa mtu mbaya. Alisema taratibu kwamba aliyetoka katoka, na kwamba mama anaweza kumwombea mwanawe akiwa kwake, halazimiki kwenda kukaa nyumba ile. Akasema watu watasema nini. Bi Ashatu aliikunja barua, akaifunga katika pindo la kanga yake. Gertruda akajitazama viatu. Mimi nilidhani atakubali, maana alikuwa mwanamke wa sala tano, na usoni niliona limemchoma.

"Imeniuma, binamu," alisema mwisho. "Sitakuongopea, imeniuma. Nitamlilia Mola wangu juu ya hilo mpaka nife. Lakini mwaka mzima nimekaa hapa juani nikimwambia aliyevunja na aje. Sikusema aliyevunja kidogo."

Mwinyimvua aliinamisha kichwa. Baadaye aliinuka, akaenda ndani, akarudi na mchele katika kifurushi, wa safari.

Nikiwa bado na akili zangu za tarehe, nilimwambia jambo nililodhani litamtuliza. Nilimwambia Pasaka ya mwaka 1973 ilikuwa mwezi wa nne, na hadithi ya Fisi ilikuwa mwezi wa sita. Jambo lililomnyamazisha Mtoro lilikuwa limekwisha kutendeka kabla yeye hajasimulia mchana. Kwa hiyo hakufunga njia yoyote. Nilikuwa nimeyabeba hayo tangu Gertruda aliposema neno Pasaka, kwa sababu yalikuwa yananifungua mimi pia. Bi Ashatu alinitazama kwa huruma, akacheka.

"Wewe na hesabu zako, mwanangu," alisema. "Kama ningalijua siku ile kwamba sifungi njia, unadhani kuja kwangu kungalikuwa na thamani gani? Acha ibaki kwamba nilikuja nikiwa naogopa."

Sikuelewa wakati ule. Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka arubaini.

Hakurudi Bagamoyo tena. Nyumba yake aliachiwa Dija, na baada ya Dija ikauzwa, na leo pana duka la simu. Nilipata habari kwamba aliishi na mwanawe na Evarista vizuri, akasali sala zake chumbani kwake, akawafundisha wajukuu wanne pamoja na nusu ya watoto wa misheni hadithi za kwetu, akafariki mwaka 1983, akazikwa na Waislamu wa Ifakara, Tobia akiwa mbele kwenye kubeba jeneza. Niliandikiwa na yeye mwenyewe Tobia. Alisaini majina yote mawili.

Lakini mara ya mwisho nilipomwona mimi ilikuwa asubuhi iliyofuata pale Ubena, kama saa nne, jua kali. Basi la Morogoro lilifika limejaa. Gertruda alipanda kwanza akamshikia nafasi. Bi Ashatu alikuwa na mkoba wa miyaa, kifurushi cha mchele, na doti ya kanga mpya aliyomnunulia mkwewe kwa mchuuzi wa pale, baada ya kuzikataa tatu kwa sababu ya maneno yake.

Nikamwamkia kwa kumuaga. Aliitikia, akanishika kichwa kama mtu anayepima tikiti sokoni, akauliza, "Huyo Evarista, unadhani atanipenda?"

Nikamwambia atampenda.

"Huna hakika," alisema. "Haya, nitajua huko huko."

Akapanda. Nilimwona dirishani akibishana na mzee mmoja aliyeweka kuku wake juu ya kiti, kisha kuku akashushwa na yeye akakaa. Basi lilipoondoka ncha ya kanga yake ilikuwa imebaki nje ya dirisha, inapeperuka. Nikaikimbilia hatua chache nikimwita. Hakunisikia, alikuwa anazungumza na mtu. Kabla ya kona mkono wake ulitoka, ukaivuta kanga ndani, ukafunga kioo kwa ajili ya vumbi.